Programu za Ofisi: ya Kulipia, ya Bure au ya Wizi? Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Kuna malipo ambayo hutoka kwa simu kila mwezi bila mtu kuyatazama mara mbili. Bando la intaneti ni mojawapo. Tokeni za stima ni nyingine. Siku hizi wenye maduka, saluni, shule ndogo na vyama wameongeza ya tatu: ada ya programu ya ofisi, ile ya kuandikia barua, kupanga hesabu na kutengeneza invoisi. Wengine hawalipi ada hiyo kabisa. Walipelekea fundi wa mtaani laptopu, akawawekea programu kwa bei ya soda mbili, na kazi inaendelea.

Tunazungumzia malipo haya leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa yako: huenda unalipia kitu usichokihitaji, au unakwepa kulipia kitu ambacho kingekuokolea muda mwingi. Ya pili ni usalama. Kompyuta unayopangia hesabu za biashara mara nyingi ndiyo hiyo hiyo unayofungulia barua pepe, akaunti ya benki na taarifa za miamala yako ya simu. Programu yoyote unayoiruhusu ndani ya kompyuta hiyo inakaa karibu sana na pesa zako.

Sokoni kuna nini?

Tuzigawe programu hizi katika makundi matatu, kwa sababu watu wengi huchanganya mawili ya mwisho.

*Za kulipia.* Inayojulikana zaidi ni Microsoft Office, yenye Word, Excel na PowerPoint. Zamani uliinunua mara moja na kukaa nayo. Tangu 2011 kampuni hiyo imekuwa ikisukuma mtindo wa usajili, kwanza kwa jina la Office 365 na sasa Microsoft 365: unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, na ukiacha kulipa, uwezo wa kuhariri kwenye kompyuta unafungwa.

*Huria.* Hapa kuna LibreOffice na Apache OpenOffice. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta moja au mia moja, ya nyumbani au ya biashara, bila kulipa leseni. Kati ya hizo mbili, LibreOffice ndiyo yenye uhai zaidi: hutoa toleo jipya kubwa mara mbili kwa mwaka.

*Za bure lakini si huria.* Google Docs na Google Sheets ziko hapa, pamoja na WPS Office ya kampuni ya Kingsoft kutoka China, na hata Word na Excel za kutumia kwenye kivinjari, ambazo Microsoft hutoa bure kwa mwenye akaunti. Hulipi pesa, lakini kampuni bado ndiyo mwenye programu, na inapata faida yake kwa njia nyingine. WPS ya bure huonyesha matangazo. Google hukupa gigabaiti 15 za kuhifadhi barua pepe, picha na faili zako zote kwa pamoja. Zikijaa, unaombwa ununue nafasi zaidi. Ya bure ya leo inaweza kubadilishiwa masharti kesho, na mwenye uamuzi ni kampuni.

Ushindani huu ulitoka wapi?

Ukifungua duka la kompyuta miaka ya 1980, hungesikia mtu akiulizia Word. Wahasibu walitumia Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983, na makarani walitumia WordPerfect. Microsoft ilishinda miaka ya 1990, wakati dunia ilipohamia Windows na Word na Excel zikauzwa pamoja kama furushi moja. Kufikia mwisho wa muongo huo, washindani walikuwa wamesukumwa pembeni.

Changamoto ilitoka Ujerumani. Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985 akiwa bado kijana wa shule, na ikatengeneza programu iliyoitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Kimarekani ya Sun Microsystems iliinunua Star Division yote. Simon Phipps, aliyefanya kazi Sun, alisimulia baadaye kwamba ilikuwa nafuu kwa Sun kununua kampuni nzima yenye programu ya ofisi kuliko kuwanunulia wafanyakazi wake takriban 42,000 leseni za Microsoft. Hesabu hiyo ni sawa na ya mwenye hoteli anayeona afadhali anunue ng'ombe kuliko kulipia maziwa kila asubuhi.

Mwaka 2000 Sun iliufungua msimbo huo kwa umma, na OpenOffice.org ikazaliwa. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walihofia mradi wao utafifia. Septemba mwaka huo waliunda taasisi isiyo ya faida, The Document Foundation, wakaendelea na kazi kwa jina la LibreOffice. Hilo lisingewezekana kama msimbo ungekuwa wa kufungiwa. Mwenye mradi alibadilika, lakini watumiaji hawakuachwa njiani.

Kinachokufunga ni faili

Ukiuliza watu kwa nini hawahami kutoka programu ya kulipia, wachache watataja uzuri wa programu yenyewe. Wengi watakuambia: "Faili zangu zote ziko huku." Hapo ndipo pambano hili lilipo hasa, na sisi wa pesa kwa simu tunalielewa vizuri.

Kumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Aprili 2018. Ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, hazikuingia kwenye akaunti yake ya simu moja kwa moja. Alipokea ujumbe wenye nambari ya siri, akaenda kwa wakala kutoa. Kwa hiyo watu walikaa kwenye mtandao ambao jamaa na wateja wao walikuwemo, hata kama mwingine ulikuwa na bei nzuri. Mitandao ilipounganishwa, pesa zikaanza kuvuka zenyewe. Aprili 2022 ikafika zamu ya nambari za till, na mteja wa mtandao mmoja akaweza kulipa duka lenye nambari ya mtandao mwingine.

Faili za ofisi zilikuwa na ukuta wa aina hiyo. Kwa miaka mingi muundo wa faili za Word na Excel ulikuwa siri ya kampuni moja, na washindani walilazimika kuubahatisha. Wapenzi wa programu huria walijibu kwa kuunda muundo ulio wazi, unaoitwa ODF. Faili zake huishia na .odt kwa barua na .ods kwa hesabu. Mwaka 2006 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Microsoft nayo ikaleta muundo wake mpya, ule wa .docx na .xlsx ulioanza na Office 2007, na mwaka 2008 ukapitishwa pia na ISO baada ya mvutano mkali. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa kupinga uamuzi huo, na rufaa zao zikakataliwa.

Faida kwetu ni kwamba leo ukuta ni mfupi zaidi. LibreOffice na Google Sheets hufungua faili ya Excel, na Excel hufungua faili ya .ods. Kwa barua ya kawaida au orodha ya mauzo, hutaona tofauti kubwa. Kwa faili zenye mpangilio mgumu bado kuna kasoro: fonti hubadilika, jedwali husogea, na makro hukataa.

Hata Kiswahili kilipata nafasi

Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mwaka huo huo Microsoft pia ilitangaza mpango wa kuleta programu zake kwa Kiswahili. Mtumiaji wa Kiswahili, ambaye kwa miaka hakuwa ameandaliwa lolote, ghafla akawa na pande mbili zinazomwandalia meza.

Mambo mengi mazuri ya soko hili yamekuja hivyo. Google ilipoleta hati na hesabu za bure kwenye kivinjari mwaka 2006, Microsoft nayo miaka michache baadaye ikaweka Word na Excel za bure mtandaoni. Mwaka 2014 ikaruhusu uhariri wa kawaida bila malipo kwenye simu. Hata wewe ambaye hujawahi kusikia jina LibreOffice unafaidika na ushindani huo.

Kundi la nne: ya wizi

Sasa turudi kwa fundi na bei ya soda mbili. Programu ya kulipia iliyovunjwa leseni inaonekana kama ushindi: una Excel kamili na hujalipa. Ukweli usemwe, hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Ili kuidanganya Office iamini kwamba imelipiwa, fundi hutumia programu nyingine ndogo. Programu hiyo kwa kawaida hudai jambo moja kabla ya kuanza kazi: uzime antivirasi. Ukishazima, umemfungulia mlango mtu usiyemjua. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, mojawapo ya programu hizo za kuvunja leseni, zilivyobeba kirusi kiitwacho Cryptbot. Kirusi hicho hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na taarifa za pochi za sarafu za kidijitali.

Fikiria maana yake kwa biashara yako. Mwizi akipata nenosiri la barua pepe, anapata taarifa za miamala zilizotumwa huko. Anajua unalipwa na nani, siku gani na kiasi gani. Akimpigia simu mteja wako au wewe mwenyewe akijifanya mhudumu wetu, atakuwa na maelezo ya kweli ya kukushawishi. PIN yako haikai kwenye kompyuta, lakini habari za kumsaidia tapeli akuombe hiyo PIN zinakaa huko.

Kuna pia sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Na kama umehifadhi majina na nambari za simu za wateja, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzitunze. Kuziweka kwenye kompyuta iliyozimwa ulinzi si kuzitunza.

Jambo zuri ni kwamba sababu ya kuiba imepungua. Anayeshindwa na bei ana LibreOffice, ana Google Sheets, ana Excel ya kivinjari. Zote ni halali, na hakuna hata moja inayokutaka uzime antivirasi.

Tupige hesabu

Chukua mfano wa kubuni. Programu ya kulipia ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 12,000 kwa mwaka, na 60,000 kwa miaka mitano. Ofisi yenye kompyuta tatu, kila moja na usajili wake, itafikisha 180,000.

Upande wa pili, programu huria ina gharama sifuri ya leseni lakini ina gharama ya muda. Karani akipoteza nusu saa kila siku akirekebisha mafaili yaliyovurugika, basi kwa siku 22 za kazi umepoteza saa 11 kwa mwezi. Kama saa zake 11 zinakugharimu zaidi ya shilingi 1,000, ile ya bure imekula hasara. Kama hapotezi muda huo, kulipa ni kuzoea tu.

Serikali za nje zimepitia hesabu hii hii. Jiji la Munich lilihamisha takriban kompyuta 15,000 kwenda programu huria, kazi iliyokamilika 2013, halafu 2017 likaamua kurudi Windows. Jimbo la Schleswig-Holstein, nchini humo humo Ujerumani, lilitangaza 2024 kwamba linahamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000. Nchi ni moja na majibu ni mawili. Hakuna jibu la kila mtu, kwa hiyo angalia kazi unayofanya wewe.

Kwa uzoefu wa kazi za kawaida, tunaweza kusema hivi:

- Orodha ya mauzo, daftari la chama, barua, invoisi rahisi: ya bure inatosha.
- Mnafanya kazi wengi kwenye faili moja, kila mtu na simu yake: Google Sheets ni nyepesi zaidi, mradi mna bando.
- Unafanyia kazi kwenye laptopu, na mtandao ni wa kubahatisha: LibreOffice, kwa sababu haihitaji intaneti ikishawekwa.
- Unatumia simu pekee: LibreOffice kamili haiko huko. Tumia Google Sheets, Excel ya simu, au Collabora Office, iliyojengwa kwa msimbo wa LibreOffice.
- Unajaza fomu za Excel zenye makro, kwa mfano marejesho ya kodi ya iTax ya kujaza kwenye lahajedwali, au mhasibu wako hutumia fomula nzito: Excel halisi huenda ikafaa pesa yake.

Jaribu kabla ya kuhama

Usifute programu yako ya sasa. Pakua LibreOffice kutoka tovuti yake rasmi, libreoffice.org. Haiulizi pesa, ila unaweza kuchangia ukipenda. Kisha chukua faili zako tano ngumu zaidi, uzifungue humo na utumie wiki mbili. Weka nakala ya kila faili kwenye flashi kabla hujaanza.

Ukiwa na faili ya miamala ya aina ya CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa na koma, kuna mitego mitatu ya kuangalia, na yote ipo kwa programu za bure na za kulipia vilevile:

1. *Sifuri ya mbele hupotea.* Nambari ya simu inayoanza na 07 huonekana ikianza na 7, kwa sababu programu inadhani ni hesabu.
2. *Nambari ndefu hugeuka.* Kwenye Excel, nambari inayoanza na 254 yenye tarakimu 12 inaweza kuonekana kama 2.54E+11. Kutibu yote mawili, unapoingiza faili chagua safu ya simu isomwe kama maandishi. LibreOffice hukuuliza yenyewe wakati wa kufungua. Kwenye Excel pitia sehemu ya Data.
3. *Tarehe hupinduka.* 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itasoma Machi 4. Rekebisha mpangilio kabla ya kujumlisha mauzo ya mwezi.

Na onyo moja la PDF. Taarifa ya miamala huja ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri kwa sababu maalum. Ukiipakia kwenye tovuti isiyojulikana inayojitangaza kwamba "inageuza PDF kuwa Excel bure", umempa mgeni historia yako yote ya pesa, na nambari ya kuifungua juu yake. Afadhali uandike mwenyewe jioni moja.

Ukiamua kulipa

Kulipa si ushamba. Kama kazi yako inahitaji, lipa, lakini lipa kama mfanyabiashara:

- Nunua kwa kampuni yenyewe au kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na uhifadhi risiti. "Leseni ya maisha" inayouzwa kwa mia chache kwenye ujumbe wa simu ina walakini.
- Usajili mwingi hujirudia wenyewe. Weka ukumbusho kwenye simu wiki moja kabla ya tarehe, uamue kama bado unaihitaji.
- Kama unalipa kwa kadi iliyounganishwa na akaunti yako ya simu, weka humo kiasi cha malipo hayo tu.
- Kama bado unatumia Office 2016 au 2019, jua kwamba msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025. Itaendelea kufunguka, lakini haipati tena marekebisho ya usalama. Huu ni wakati mzuri wa kuamua: ununue mpya au uhamie ya bure.
- Vyovyote utakavyoamua, mara moja kwa mwezi hifadhi nakala ya hesabu zako kwa CSV au .ods. Siku ukitaka kuhama, faili zako zitakuwa tayari kwa safari.

Hilo la mwisho ndilo tungependa ubaki nalo. Programu ni chombo, na vyombo hubadilishwa. Rekodi zako za mauzo, madeni na michango ya chama ndizo mali. Maadamu zinafunguka popote, kila kampuni itabidi ikubembeleze kwa bei na kwa huduma. Zikifunguka mahali pamoja tu, utalipa bei yoyote itakayotajwa.

Na kama kawaida: mhudumu wetu hatakuuliza PIN yako, iwe kwa simu, kwa ujumbe au kwa faili ya Excel. Anayekuuliza, kata simu.